Habari za Maduka Mawili ya Vitabu Mjini London na Wasomaji Wake

Historia ya vitabu kwa kawaida huandikwa kama historia ya watungaji. Hutajwa aliyetunga, hutajwa mwaka wa kutungwa, na pengine hutajwa mpiga chapa. Kisha mwenye kuandika huruka moja kwa moja hadi kwa msomaji, kana kwamba kitabu kina miguu yake chenyewe. Aliye katikati hatajwi. Mwuza vitabu huhesabiwa kuwa mfanya biashara kama mwuza chumvi au mwuza mafuta ya taa, na kazi yake huonekana kuwa ni kupokea fedha na kufunga karatasi. Makala haya yana nia ya kumweka mtu huyo wa katikati mahali pake, kwa kutoa habari za maduka mawili madogo yaliyoanzishwa mjini London katika miaka ya 1960 na watu waliotoka Trinidad na Guyana. Nimeyachagua hayo kwa sababu mbili. Kwanza, kazi ya kumwambia msomaji "kisome hiki" yaonekana humo waziwazi, na matokeo yake yaweza kufuatwa mwaka kwa mwaka. Pili, habari zake zinagusa nchi zetu hizi, na hata wanazuoni wa lugha ya Kiswahili, kuliko tunavyokumbuka.

Yafaa tueleze kwanza ni duka la namna gani tunalolisema. Si tawi la kampuni kubwa, wala si la serikali, wala si la misheni. Mwenyewe huchagua vitabu, mwenyewe husimama mezani, na hasara ikija ni yake. Mwuza vitabu wa namna hii hununua kitabu kwa mchapishaji kwa bei iliyopunguzwa, aghalabu kwa theluthi moja hivi, na tofauti hiyo ndogo ndiyo itakayolipa kodi ya nyumba, taa, na chakula cha watoto. Kitabu kisichotoka hukaa rafuni kikila fedha. Kwa ajili hiyo kila kitabu kipya anachokiagiza ni bahati nasibu aliyoicheza kwa mali yake. Kampuni kubwa yaweza kuagiza nakala mia za kitabu kimoja bila ya mtu hata mmoja wa kampuni kukisoma. Mwuza vitabu mdogo hana njia hiyo. Sharti asome, sharti awajue wanunuzi wake kwa majina na kwa haja zao, na sharti aweze kusema kwa nini hiki na si kile. Kupendekeza vitabu kwake si hisani anayowafanyia watu baada ya biashara, bali ndiyo biashara yenyewe.

Sasa tuitazame London ya wakati ule. Tangu mwaka 1948, ilipowasili meli ya Empire Windrush, watu wengi wa visiwa vya Karibea walikuwa wamehamia Uingereza kufanya kazi katika mabasi, reli, hospitali na viwanda. Mwaka 1962 ilipitishwa sheria ya kuwazuia wasiingie kama walivyokuwa wakiingia, na mwezi wa Aprili 1968 mbunge Enoch Powell alitoa hotuba yake mashuhuri ya kuwachukia wageni. Watu hawa walisomeshwa makwao kwa vitabu vya Kiingereza vilivyosifu Uingereza. Walipofika Uingereza hawakuona dukani kitabu kinachowataja wao. Waandishi wao walikuwapo, tena wazuri, lakini kitabu kikiisha chapa ya kwanza hakikurudiwa, na vile vilivyochapwa Port of Spain au Kingston havikuvuka bahari. Mtu aliyetaka kumsomesha mwanawe habari za asili yake alikuwa na swali, na hakuwa na mtu wa kumwuliza.

John La Rose alizaliwa mwaka 1927 katika mji wa Arima, Trinidad. Alikuwa mtu wa vyama vya wafanyakazi na mtunga mashairi, akaingia Uingereza mwaka 1961. Mwaka 1966 yeye na mwenziwe Sarah White walianzisha New Beacon Books. Jina walilitoa katika jarida la The Beacon lililokuwa likitolewa Trinidad mwanzoni mwa miaka ya 1930, nalo kwa Kiswahili lina maana ya moto au taa ya kuongozea vyombo. Kitabu cha kwanza walichokichapa kilikuwa cha mashairi ya La Rose mwenyewe, nacho kilitoka mwaka ule ule. Duka halikuwapo. Vitabu viliwekwa nyumbani, na wenyewe wakavichukua katika mikoba kwenda navyo penye mikutano, wakavitandaza mezani.

Mikutano hiyo nayo ilikuwa na mahali pake katika habari hii. Mwaka 1966 vile vile, La Rose pamoja na mshairi wa Barbados Kamau Brathwaite na mwandishi wa Jamaika Andrew Salkey walianzisha chama cha wasanii wa Karibea kilichoendelea hadi mwaka 1972. Watunga mashairi, wachoraji na wanafunzi walikusanyika wakasomeana na kubishana. Meza ya vitabu ilikuwa kando ya ukumbi. Mtu akisikia shairi limesomwa, alitoka akauliza kama limechapwa. Akisikia jina la mwandishi limetajwa na mbishi, alikwenda mezani kulitafuta. Aliyesimama nyuma ya meza ile alisikia yote. Alijua kitabu gani kimeulizwa mara tano jioni moja, na alijua kwamba hakipo. Nadhani hapa ndipo penye siri ya maduka haya yote mawili. Kama angekuwa mfanya biashara wa chumvi, angesema "hakuna" akamaliza. Hawa walikwenda kukitoa wenyewe.

Kwa mwanafunzi wa lugha kitabu kimoja katika vile vya mwanzo chastahili kukaliwa kidogo. Mwaka 1869 mwalimu wa shule wa Trinidad, John Jacob Thomas, mtu mweusi wa kizazi cha kwanza baada ya kukomeshwa utumwa, alichapisha mjini Port of Spain sarufi ya Krioli, yaani lugha iliyosemwa na watu wa kawaida wa Trinidad, ambayo maneno yake mengi yalitoka katika Kifaransa. Wakubwa waliiita Kifaransa kibovu. Thomas alionyesha kwamba lugha ile ina kanuni zake katika matamshi, katika vitenzi na katika muundo wa sentensi, na kwamba asiyezijua kanuni hizo ndiye asemaye vibaya. Yafaa tukumbuke kwamba Handbook ya Steere juu ya Kiswahili cha Unguja ilitoka mwaka 1870, mwaka mmoja tu baadaye. Steere alikuwa mgeni aliyejifunza lugha kwa wenyeji. Thomas alikuwa mwenyeji aliyeitetea lugha ya kwao mbele ya wageni. Jina la Steere hatukulisahau hata siku moja. Jina la Thomas lilibaki katika nakala chache za maktaba kwa muda wa miaka 100 kamili, hata New Beacon walipokitoa tena kitabu chake mwaka 1969. Mwaka ule ule walikitoa tena kitabu chake kingine, Froudacity cha 1889, alichomjibu humo mwanahistoria Froude aliyeandika kwamba watu weusi wa visiwa vile hawawezi kujitawala.

Mchapishaji mkubwa gani angekubali kuchapa upya sarufi ya zamani ya Krioli? Hesabu zake zingemkataza. Lakini mwuza vitabu aliyekuwa akizungumza na walimu na wanafunzi kila juma alijua wasomaji wake ni akina nani, na kwamba hawatakuwa elfu kumi, ila watakuwapo.

Mwaka 1973 New Beacon walipata duka la kudumu, namba 76 katika barabara ya Stroud Green, kaskazini ya London. Nilipokuwa masomoni katika mji ule, miaka mingi baada ya hayo, niliingia humo mara kadhaa. Si duka la kupendeza macho ya mtu apendaye vioo na taa. Rafu zimepangwa kwa nchi na mabara, si kwa "vitabu vinavyouzwa sana". Na aliyekuwa mezani hakuniuliza nataka kununua nini, bali aliniuliza nasomea nini. Nikamwambia ni mambo ya lugha. Akanyamaza kidogo, kisha akaniletea vitabu vitatu, kimoja kati yake sikuwahi kukisikia, na akaniambia kwamba kile kizuri zaidi ni ghali mno kwa mwanafunzi, nikakisome kwanza katika maktaba ya chuo. Mwuza chumvi hasemi hivyo.

Msomaji ataona pengine nasifu tabia njema tu. La. Katika mwaka 1971 jambo lililoamuliwa kwa njia hiyo lilikuwa masomo ya watoto wengi. Katika shule za London zilikuwapo shule mbali za watoto walioitwa kwa sheria "walio chini ya kawaida kwa elimu". Mtoto aliyepelekwa huko aghalabu hakurudi katika shule za wenziwe, na alitoka akiwa hana cheti cha kumpatia kazi. Taarifa ya wakuu wa elimu wa London ya mwaka 1967 ilionyesha kwamba watoto wa wahamiaji walikuwa 28 kwa mia katika shule hizo, hali katika shule za kawaida walikuwa 15 kwa mia; na wengi wao walikuwa wa asili ya Karibea. Wazazi hawakujua. Waliambiwa kwamba mtoto anapelekwa katika shule maalumu, wakadhani neno "maalumu" lina heri ndani yake.

Bernard Coard, mtu wa Grenada aliyefundisha katika shule hizo, aliliandika jambo hili, na New Beacon wakamchapia kijitabu chake mwaka 1971 kwa ajili ya chama cha walimu na watumishi wa jamii wa Karibea. Kijitabu kilieleza kwa lugha ya kueleweka jinsi mitihani ya akili ilivyotungwa kwa maneno na mazoea ya mtoto wa Kiingereza, na jinsi mtoto aliyekulia katika Krioli alivyohukumiwa kuwa mjinga kwa sababu ya kusema lugha ya mama yake. Hoja ya Thomas ya mwaka 1869 ilirudi hapa kwa mlango mwingine: lugha yenye kanuni zake ilihesabiwa kuwa upungufu wa akili. Mwandishi alikusudia kijitabu kisomwe na wazazi, akawaandikia humo la kufanya. Nao hawakuwa watu wa kuingia katika maduka makubwa ya katikati ya mji wala wa kusoma magazeti yenye uhakiki wa vitabu. Kiliwafikia kwa kuuzwa katika mikutano na kwa kupitishwa mkono kwa mkono. Wazazi wakaanza kwenda shuleni kuuliza. Shule za Jumamosi za kuwasaidia watoto zikaongezeka. Mwenyewe La Rose alikuwa ameanzisha moja mwaka 1969, akaiita kwa jina la George Padmore. Daraja lile la "chini ya kawaida" liliondolewa katika sheria ya elimu mwaka 1981. Sisemi kwamba duka moja liliiondoa. Nasema kwamba mzazi aliyejua la kumwuliza mwalimu mkuu, mara nyingi alilijua kwa kuwa mtu alimtia kijitabu mkononi. (Coard baadaye aliingia katika siasa za Grenada na mambo mazito yaliyomfika huko, ambayo si ya makala haya.)

Ama duka la pili, asili yake ni kitendo cha serikali ya Jamaika. Walter Rodney, mzaliwa wa Georgetown katika Guyana, alipata shahada yake ya udaktari mjini London mwaka 1966 akiwa na umri wa miaka 24, akaja Dar es Salaam kufundisha historia, kisha mwaka 1968 akahamia Jamaika. Huko alikuwa akitoka katika chuo akaenda kukaa na maskini na Marasta, akawaeleza historia ya Afrika. Mwezi wa Oktoba 1968, aliporejea kutoka katika mkutano wa waandishi weusi mjini Montreal, serikali ilimzuia asishuke katika ndege. Kingston ikachafuka. Mjini London walikuwapo mume na mke wa Guyana, Eric na Jessica Huntley, waliokuwa rafiki zake tangu alipokuwa mwanafunzi. Hawakuwa wachapishaji. Walikuwa wanasiasa wa chama cha PPP cha Guyana walioingia Uingereza katika mwaka 1957 na 1958, wakaishi kwa kazi za mshahara. Lakini waliona kwamba kumzuia mtu ni kuyazuia maneno yake, na kwamba jibu ni kuyachapa. Rafiki zao wakachanga fedha, na mwaka 1969 hotuba za Rodney zikatoka katika kitabu kidogo kiitwacho The Groundings with My Brothers.

Kampuni yao waliiita Bogle-L'Ouverture, kwa kuunga majina ya watu wawili: Paul Bogle, aliyeongoza maasi ya Morant Bay katika Jamaika mwaka 1865 akanyongwa, na Toussaint L'Ouverture wa Haiti, aliyefia katika gereza la Ufaransa mwaka 1803. Jina lenyewe ni somo la historia. Mtu aliyeuliza maana yake aliondoka amejifunza jambo kabla ya kununua chochote.

Kwa miaka ya mwanzo duka la akina Huntley lilikuwa sebule ya nyumba yao huko Ealing, magharibi ya London. Watu walibisha hodi kama wageni. Wakaa kitako, wakapewa chai, wakaonyeshwa kilichoingia. Kwetu pwani jambo hili si geni. Biashara nyingi zilianza barazani kabla ya kuwa na mlango wa barabarani. Lakini Ealing si Mombasa, na wenye mamlaka ya mtaa wakawaambia kwamba nyumba ya kuishi si mahali pa kuuzia bidhaa. Katikati ya miaka ya 1970 wakapanga duka karibu na hapo. Humo waliuza vitabu, picha za ukutani na kadi za salamu zenye sura za watu weusi, ambazo hazikupatikana penginepo. Wasomi wengine huzipita kadi hizi kwa haraka. Mimi nazihesabu kuwa sehemu ya kazi. Mama aliyeingia kutafuta kadi ya siku ya kuzaliwa ya mwanawe hakuwa amekusudia kununua kitabu. Akiisha kuingia, Jessica Huntley alikuwa na nafasi ya kumwuliza mtoto ana umri gani, na anapenda kusoma nini.

Hapa ndipo habari hii inapofika kwetu. Rodney alirudi Dar es Salaam mwaka 1969 akafundisha hadi mwaka 1974. Katika muda huo aliandika How Europe Underdeveloped Africa. Kitabu kilitoka mwaka 1972 kwa ubia wa Bogle-L'Ouverture ya London na Tanzania Publishing House ya Dar es Salaam, ambayo ilianzishwa mwaka 1966 na mwaka ule wa 1972 ilikuwa imepata kiongozi mpya, Walter Bgoya. Tutazame vizuri ukurasa wa jina wa chapa ile ya kwanza. Mtungaji alikuwa mhadhiri wa chuo, mwenye shahada ya London, na baadhi ya kazi zake zilizotangulia zilikuwa za kitaaluma. Hakukosa mlango katika makampuni makubwa. Kitabu alikitoa kwa duka la sebuleni na kwa kampuni changa ya nchi changa. Alijua anamwandikia nani. Alitaka kitabu ambacho mwanafunzi wa Dar es Salaam na dereva wa basi wa London wangeweza kukinunua, na kumpata mtu wa kuwaeleza kwa nini wakinunue. Chapa ya Marekani, iliyotolewa na chuo kikuu cha Howard, ilikuja mwaka 1974, kitabu kikiwa tayari na sifa yake.

Wengi wetu tuliosomea katika vyuo vya nchi hizi tulikikuta kitabu hicho kikiwa kimekwisha kuwa cha lazima, jina lake limeandikwa ubaoni na mwalimu. Ni rahisi kusahau kwamba kabla ya kuwa cha lazima kilikuwa kitabu kipya, chenye jalada lisilojulikana, na kwamba kilihitaji watu wa kukisemea.

Maduka haya yalikuwa na adui. Katika miaka ya 1970 makundi ya wabaguzi wa rangi yaliyashambulia maduka ya vitabu ya watu weusi na ya watu wa siasa za mrengo wa kushoto. Yaliandika matusi kutani, yakavunja vioo, yakatia uchafu na moto. Mwaka 1977 wenye maduka, miongoni mwao hao wawili, waliunda kamati ya pamoja ya kujilinda na kuidai serikali ifanye kazi yake. Wabaguzi hawakuwa na shaka juu ya jambo ambalo wanahistoria wa vitabu wamelisitasitia: walijua kwamba duka la vitabu ni mahali pa watu kukutana, na kwamba aliyesimama mezani ni mtu mwenye kuaminiwa. Rodney alipouawa kwa bomu mjini Georgetown tarehe 13 Juni 1980, akina Huntley walibadili jina la duka lao likawa Walter Rodney Bookshop.

Wasomaji wa jarida la Kiswahili watapenda kusikia na jambo hili. Mwaka 1982, wahadhiri na waandishi walipokuwa wakitiwa kizuizini nchini Kenya, iliundwa London kamati ya kudai kuachiliwa kwa wafungwa wa kisiasa wa nchi hiyo. Mwenyekiti wake alikuwa John La Rose, na barua za kamati zilipokelewa pale pale dukani, namba 76 Stroud Green Road. Miongoni mwa wanakamati walikuwa Ngũgĩ wa Thiong'o na Abdilatif Abdalla. Huyu wa pili hana haja ya kuelezwa kwetu: ni mtunzi wa Sauti ya Dhiki, diwani iliyotungwa katika kifungo cha miaka mitatu, akafanya kazi katika taasisi ya uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam hadi mwaka 1979, kisha akaenda London katika idhaa ya Kiswahili ya BBC. Mwaka 1983 New Beacon wakatoa Barrel of a Pen, kitabu cha Ngũgĩ juu ya udhalimu wa siasa ya Kenya wakati ule. Basi mtu wa Trinidad, asiyewahi kuwa raia wa nchi yetu yoyote, alitoa duka lake kuwa sanduku la posta la wafungwa wa Kenya. Sioni ajabu. Ni kazi ile ile ya kubeba maneno ya watu walionyimwa pa kuyasemea.

Mwaka 1982 vile vile, maduka haya mawili yakishirikiana na kundi la Race Today, yalianzisha maonyesho ya kimataifa ya vitabu vya watu weusi na vya Dunia ya Tatu. Wakurugenzi wa kwanza walikuwa La Rose na Jessica Huntley, na C.L.R. James alifungua onyesho la kwanza. Maonyesho yalifanyika mara 12 hadi mwaka 1995, si London tu bali na katika miji kama Manchester na Bradford. Wachapishaji wadogo wa Afrika, Karibea na Asia waliokuwa hawajuani walikutana huko meza kwa meza.

Fedha ndizo zilizokuwa ngumu daima. Duka la akina Huntley lilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya kodi ya pango kupandishwa kupita uwezo wake. New Beacon waliendelea, na orofani mwa duka ikaanzishwa mwaka 1991 taasisi ya kuhifadhi hati, iitwayo George Padmore Institute. Lakini mwaka 1995 ulivunjika mkataba uliokuwa ukishikwa Uingereza tangu mwaka 1900, ambao kwa huo kitabu kiliuzwa kwa bei moja kila mahali. Mkataba ule ulikuwa ngao ya wadogo; ulipokwisha, makampuni makubwa na maduka ya vyakula yakaviuza vitabu maarufu kwa nusu ya bei, na muda si mrefu ikaja kampuni ya Amazon na biashara ya intaneti. Maduka ya kujitegemea yaliyokuwa katika chama cha wauza vitabu cha Uingereza na Ireland yalikuwa 1,894 mwaka 1995. Mwaka 2016 yalibaki 867. Mwaka huo wa 2016 New Beacon walitangaza kwamba watafunga. Kilichofuata hakikutazamiwa na wengi. Watu waliolelewa na duka lile, wengine wakiwa sasa wazee, walichanga fedha, wakaja na ndoo za rangi kupaka kuta, wakajitolea kusimama mezani. Mwishoni mwa mwaka 2021 hatari ilirudi, ikatangazwa kwamba duka litaacha nyumba yake na kuuza kwa intaneti peke yake. Mchango mwingine mwanzoni mwa 2022 uliligeuza shauri hilo. Mwaka huo idadi ya maduka ya kujitegemea katika chama ilikuwa imepanda tena hata 1,072. Watu huleta sababu nyingi za kupanda huko. Mimi nadhani msomaji aliyechoka kuletewa na mashine kitabu kinachofanana na kile alichokwisha kusoma, alitamani kukutana tena na mtu wa kumletea kisichofanana.

John La Rose alifariki mwaka 2006 na Jessica Huntley mwaka 2013. Hati za Bogle-L'Ouverture zilikabidhiwa kwa nyaraka za mji wa London mwaka 2005, na za New Beacon zimo katika taasisi ile ya orofani. Zimo barua za waandishi, zimo na hesabu: vitabu vilivyoagizwa, vilivyorudishwa, madeni ya wachapishaji. Mchunguzi aweza kukaa nazo akajua historia ya usomaji wa watu ambao hakuna aliyewahesabu kuwa wasomaji.

Kwetu daftari za namna hiyo hazijakusanywa. Wauza vitabu wa Afrika Mashariki kwa muda mrefu wameishi kwa vitabu vya shule, ambavyo havihitaji mtu wa kuvipendekeza kwa kuwa serikali imekwisha kuviagiza; hata hivyo walikuwapo katika Mombasa, Tanga, Unguja na Dar es Salaam waliouza diwani na riwaya kwa kumsimamisha mpita njia na kumsomea ukurasa wa kwanza. Vitabu vyao vya hesabu vingine vimo katika masanduku ya warithi, na mchwa hawangoji. Vyuo vyetu vina nyumba za nyaraka, na wanafunzi wa shahada ya pili wanaotafuta mada ya utafiti. Mwenye daftari, barua au orodha ya bei ya duka la vitabu la zamani, hata ikiwa kurasa zake zimepungua, angefanya vema kuionyesha kwa mojawapo ya vyuo hivyo kabla ya masika.